Kafyu iliua wajawazito wengi kuliko korona yenyewe? Njooni na namba

MwanaKata (#1)

Wakuu, salaam. Kila ikitajwa korona, watu huhesabu waliofia wodini wakiwa na mipira ya oksijeni puani. Naleta hesabu ambayo haikusomwa kwenye taarifa za kila siku.

Kenya kafyu ilianza 27 Machi 2020, saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Ni saa 10 kati ya 24. Uchungu hauchagui saa, kwa hiyo karibu wajawazito 42 kati ya kila 100 ungewashika giza la kafyu likiwa limeingia. Mama wa Mathare au Likoni ambaye zamani angepakiwa kwenye boda saa nne usiku sasa anangoja kupambazuke. Damu haingoji.

Dai langu: kwenye mitaa na vijiji vyetu, amri ya kukaa ndani iliua wazazi wengi kuliko kirusi. Anayepinga aje na namba.

DaktariWaZamu (#2)

Umeanza vizuri, katikati umeruka. Ambulensi na watoa huduma muhimu waliruhusiwa kupita usiku wote. Kilichokosekana ni gari la kumbeba huyo mama, maana ambulensi za kata hazikuwepo hata kabla ya korona. Boda ndiye aliyekuwa ambulensi, na boda hakuwa na karatasi ya kuonyesha kwenye kizuizi.

Pia usikipunguzie kirusi mzigo wake. Mimba ikifika miezi saba, tumbo linasukuma juu ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, akiba ya hewa mapafuni inapungua, na wakati huohuo mwili wa mama unadai oksijeni zaidi kwa karibu moja ya tano. Mtu wa kawaida anaweza kutembea na kipimo cha oksijeni cha 92 kidoleni bila kuanguka. Mjamzito tunataka 95 kwenda juu, kwa sababu mtoto naye anakula humohumo. Utafiti wa INTERCOVID wa mwaka 2020, nchi 18, wanawake zaidi ya 2,000, ulikuta wajawazito wenye korona walikufa mara 22 zaidi ya wasio nayo. Hiyo si hisia.

Sista_Mkunga (#3)

Kabla hamjagombana, kila sababu ya kifo ina saa zake. Makadirio wanayofundishwa wakunga wote, mama asipotibiwa kabisa: kutoka damu baada ya kujifungua, saa 2. Kutoka damu kabla ya kujifungua, saa 12. Kizazi kupasuka, siku 1. Kifafa cha mimba, siku 2. Uchungu pingamizi, mtoto akikwama njiani, siku 3. Maambukizi ya uzazi, siku 6.

Sasa pimeni dai la #1 kwa saa hizo. Kafyu ni ucheleweshaji wa saa 10 kwa wingi wake. Anayevuja damu anakufa ndani ya hizo saa 10. Mwenye uchungu pingamizi atafika alfajiri akiwa hai, ingawa mtoto huenda amekufa. Kwa hiyo kama ni kafyu iliyoua, tutaona vifo vya damu vimepanda na watoto waliozaliwa wafu karibuni, yaani waliofia tumboni muda mfupi kabla ya kutoka, wamepanda. Kama ni kukosa kliniki, tutaona kifafa cha mimba, kwa sababu presha na protini kwenye mkojo hazikupimwa. Kama ni kujifungulia nyumbani, tutaona maambukizi wiki moja baadaye. Kila mwuaji ana nyayo zake.

Kipimo254 (#4)

Sista, hiyo #3 ibandikwe juu ya uzi. Lakini naongeza maji kidogo kwenye supu ya MwanaKata.

Chukua kata ya watu 25,000. Kwa vizazi 30 kwa kila watu 1,000, wanazaliwa watoto 750 kwa mwaka. Sensa ya Kenya ya 2019 ilitoa vifo vya uzazi 355 kwa kila vizazi hai 100,000. Kata hiyo inategemea vifo 2 au 3 kwa mwaka, wastani 2.66. Bila korona, bila kafyu, bila chochote, uwezekano wa kata kama hiyo kupata vifo 5 au zaidi katika mwaka mmoja ni kama 13 kati ya 100. Yaani ukiwa na kata nane, moja itaonekana imepatwa na balaa kwa bahati mbaya tu.

Kwa hiyo mtu akija hapa na habari ya kijiji kimoja kilichotoka vifo 2 kwenda 5, ni majonzi makubwa kwa familia tano, lakini si ushahidi wa kafyu wala wa kirusi. Unganisheni kata 40 ndipo mseme.

MwanaKata (#5)

Kipimo, nakubali kata moja haitoshi. Ila ukiunganisha kata 40 unaipoteza ile kata moja yenye daraja lililovunjika na boda mmoja. Huko ndiko watu wanakufa, si kwenye wastani.

Kipimo254 (#6)

Hapo ndipo unapofanya mapitio ya kifo kimojakimoja. Wastani unakuambia kama kuna tatizo, mapitio yanakuambia tatizo lilikaa wapi. Si shughuli moja.

Mzee_wa_Jinja (#7)

Ninyi Wakenya mnalalamikia kafyu ya usiku. Uganda usafiri wa umma ulisimamishwa 25 Machi 2020, siku chache baadaye magari binafsi nayo, mchana na usiku. Boda ikawa ya mizigo tu, hakuna abiria. Kumpeleka mgonjwa hospitali ilihitaji ruhusa ya mkuu wa wilaya, yule RDC. Fikirieni kituo cha afya kiko kilomita 14, ofisi ya RDC iko mjini kilomita 30, na hiyo karatasi lazima ianzie huko. Wanawake walitembea kwa miguu wakiwa kwenye uchungu, wengine wakazalia njiani. Baadaye Rais Museveni alitangaza kwamba wajawazito hawahitaji ruhusa tena, lakini wiki za mwanzo zilikuwa zimekwisha pita, na tangazo la redio halimfikishii mlinzi wa kizuizi karatasi mkononi.

Kama kuna mahali pa kupima dai la #1 ni Uganda ya Aprili 2020. Hospitali ya Kawempe pale Kampala, miongoni mwa wodi za wazazi zenye shughuli nyingi kuliko zote nchini, ilionyesha wanaokuja kliniki ya wajawazito wanashuka ghafla mara tu amri ilipotoka.

Afya_Tabora (#8)

Habari za jioni wakuu. Mmeisahau nchi ambayo ni jaribio zuri kabisa: Tanzania. Shule zilifungwa 17 Machi 2020, lakini hapakuwa na kafyu, hapakuwa na karantini ya mikoa, daladala na bodaboda zilitembea. Kama MwanaKata yuko sahihi, sisi tusingekuwa na ongezeko. Na ukitazama utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu, TDHS, vifo vya uzazi vilikuwa 556 kwa vizazi hai 100,000 mwaka 2015/16, na ule wa 2022 ukatoa 104. Vimeshuka katikati ya janga!

Kipimo254 (#9)

Tabora, hongereni kwa dhati, ila hiyo 104 haikujibu swali la uzi. Utafiti ule unamuuliza mwanamke kuhusu ndugu zake wa kike waliozaliwa tumbo moja: yupi amekufa, alikufa akiwa mjamzito, akijifungua au muda mfupi baadaye? Vifo hivyo ni vichache, kwa hiyo wanajumlisha miaka kadhaa ya nyuma kabla ya utafiti ndipo wapate kiwango. Mwaka 2020 na 2021 imezama humo pamoja na miaka ya amani. Huwezi kuinua kidole ukasema huu hapa mwaka wa korona.

Vilevile tangu mapema Mei 2020 takwimu za maambukizi Tanzania zilisimama kwenye 509 hadi mwaka uliofuata. Mjamzito aliyekufa kwa kubanwa kifua Februari 2021 aliandikwa nimonia. Nchi isiyo na kafyu mnayo, ila hesabu ya kirusi hamna. Jaribio limekatika mguu mmoja.

Afya_Tabora (#10)

Sawa mkuu, mguu mmoja umekatika, lakini mwingine umesimama. Kanda ya Ziwa kulikuwa na mfumo wa m-mama hata kabla ya janga: unapiga 115 bure, mpokea simu anauliza dalili, anapanga ngazi ya rufaa, ambulensi ikiwa mbali anampigia dereva wa kijijini aliyesajiliwa, dereva analipwa kwa simu akishamfikisha mgonjwa. Kuanzia 2022 ukasambazwa nchi nzima. Umbali ulishughulikiwa kama ugonjwa. Huo ndio mchango wangu kwenye hoja ya usafiri.

Wanjiku_wa_Zamu (#11)

Na Kenya tulikuwa na wa kwetu, tusijidharau. Aprili 2020 Dkt. Jemimah Kariuki alianzisha Wheels for Life. Namba 1195 bila malipo. Mama anapiga usiku, daktari anazungumza naye kwanza, anatenganisha anayehitaji ushauri tu, anayehitaji teksi na anayehitaji ambulensi. Hiyo hatua ya katikati ndiyo watu wanaisahau. Usipochuja, magari matatu yote yanamfuata mama mwenye uchungu wa uongo na anayevuja damu anabaki sakafuni.

Ila ilianzia Nairobi. Turkana na Tana River boda hawana hata mtandao wa kupigiwa.

Mfamasia_Nakuru (#12)

Nimesoma yote, hakuna aliyegusa damu. Nyote mnabishana mama atafikaje hospitali. Afike akute nini?

Wachangiaji wakubwa wa damu kwetu ni wanafunzi wa sekondari na vyuo. Shule Kenya zilifungwa katikati ya Machi 2020. Chupa ya damu nzima kwenye mfuko wa kawaida inakaa siku 35 tu, kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 6. Hesabu: 16 Machi jumlisha siku 35 ni 20 Aprili. Kufikia tarehe hiyo kila chupa iliyotolewa na mwanafunzi ilikuwa imetumika au imemwagwa. Na tulianza janga tukiwa tayari tunachechemea, kwa sababu ufadhili wa Marekani kupitia PEPFAR, mpango wake wa UKIMWI, kwa huduma ya damu ulikoma 2019.

Mama anayevuja lita mbili anahitaji chupa tatu au nne pamoja na dawa. Hospitali inampa chupa moja na kuwaambia ndugu watafute wachangiaji. Ndugu wako nyuma ya kizuizi cha kaunti: Nairobi ilifungwa 6 Aprili, Kilifi, Kwale na Mombasa zikafuata siku mbili baadaye. Huyo anaandikwa kafia hospitali kwa kutoka damu. Sista, nyayo zako za #3 zitamsingizia kafyu kumbe ni friji tupu.

Sista_Mkunga (#13)

Umenishika pazuri, Mfamasia. Nakubali. Kutenganisha hao wawili angalia saa ya kufika na saa ya kufa. Aliyefika hajapoteza fahamu akafa saa sita baadaye wodini, huyo uliza damu. Aliyefika akiwa hana mapigo mkononi, uliza barabara.

DaktariWaZamu (#14)

Na oksijeni je? Tumefika posti ya 14 watu wanazungumzia barabara na friji.

Mtungi mkubwa ule mrefu unaosimamishwa ukutani una lita 6,800 hivi. Mjamzito mwenye korona kali anayevuta lita 10 kwa dakika anaumaliza kwa dakika 680, yaani saa 11 na dakika 20. Ukimpandisha lita 15 kwa barakoa yenye mfuko, unakwisha ndani ya saa saba na nusu. Mgonjwa mmoja, mitungi miwili hadi mitatu kwa siku. Wimbi la Delta, aina kali ya kirusi, lilipoingia Juni 2021, kaunti 13 za ukanda wa Ziwa na Magharibi ziliwekewa kafyu ya saa moja usiku peke yao. Hospitali ndogo yenye mitungi sita na wodi ya watu wanane, piga hesabu mwenyewe. Na upasuaji wa dharura wa kutoa mtoto unahitaji oksijeni hiyohiyo. Nani anatolewa mpira puani?

Kile kimashine cha kuchuja oksijeni kutoka hewani nacho kingi kinaishia lita 5, kizuri kinafika 10, na umeme ukikatika kimezimika. Yote haya yanahesabiwa kwa kirusi, MwanaKata. Si kwa kafyu.

Mama_Butembo (#15)

Ndugu zangu, habari za huko. Kwetu Kivu ya Kaskazini, Kongo, tulikuwa tayari ndani ya janga korona ikitukuta. Ebola ilitangazwa 1 Agosti 2018, ikatangazwa kwisha 25 Juni 2020. Wagonjwa 3,470, waliokufa 2,287. Beni, Butembo, Mangina, Katwa.

Nawaletea jambo moja tu ambalo halimo kwenye mabishano yenu: kutoka damu. Mama mwenye mimba ya miezi minne anatoka damu na ana homa. Mkunga wa kawaida anaona mimba inatoka, aisafishe. Mkunga wa wakati wa Ebola anaona dalili zote za mtu anayeshukiwa. Haguswi. Anawekwa pembeni, anachukuliwa damu ya kupima. Kipimo cha kwanza kikitoka safi lakini hajatimiza saa 72 tangu dalili zianze, lazima kirudiwe. Sasa rudini kwa Sista, #3: saa 2, saa 12. Na sisi tunasema saa 72.

Wengi wa hao hawakuwa na Ebola. Walikufa kwa mimba iliyotoka. Hakuna kafyu iliyowaua na hakuna kirusi. Ni kanuni ya kujikinga, na mkunga hakuwa na kosa, kwa sababu damu ya mama mwenye Ebola kweli ingeua wodi nzima. Dawa yake ilikuwa chumba cha kuzalishia ndani ya kituo chenyewe cha washukiwa, mkunga aliyevaa mavazi kamili, na dawa za kubana kizazi mkononi, ili anayengoja majibu atibiwe akiwa anangoja.

Na kuna upande mwingine. Matibabu yalipofanywa bure kwenye maeneo yale wakati wa Ebola, watu walikuja vituoni zaidi kuliko zamani. Kwa hiyo janga si lazima lifukuze mama. Bei inafukuza zaidi.

Kipimo254 (#16)

Mama Butembo, asante sana. Sierra Leone waliiona hiyo: makadirio ya vifo vya ziada vya akina mama, vichanga na watoto waliozaliwa wafu kwa huduma kupungua mwaka 2014 na 2015 ni kama 3,600. Ebola yenyewe iliua watu 3,956 nchini humo. Karibu zinalingana, na hizo 3,600 hakuna aliyezitangaza redioni.

MwanaKata (#17)

Ndiyo nilichokuwa nasema tangu #1!

DaktariWaZamu (#18)

Hapana mkuu, usichukue ushindi wa mwenzako. Kipimo amesema huduma kupungua, wewe ulisema kafyu. Mama Butembo mwenyewe amekuambia hapakuwa na kafyu.

Dada_Minneapolis (#19)

Salamu kutoka baridini. Nawaongezea nchi yenye magari, isiyokosa damu, na yenye takwimu za kila mwaka. Marekani kwa hesabu za CDC, kituo chao cha kudhibiti magonjwa: 2019, vifo 20.1 kwa vizazi hai 100,000. 2020, 23.8. 2021, 32.9. 2022, 22.3. Mwaka 2020 ndipo watu walifungiwa, na kiwango kilipanda kidogo. Kilipaa 2021, mwaka wa Delta, watu wakiwa wameshatoka nje. Wanawake weusi 2021 walifika 69.9. Kama kufungiwa ndiko kuliua, kilele kingekuwa 2020. Majaribio ya mwanzo ya chanjo yaliwaacha nje wajawazito, kwa hiyo 2021 wengi waliogopa sindano mwaka uleule kirusi kilipokuwa kikali zaidi.

Hata dunia nzima ni hivyohivyo. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani: vifo 282,000 mwaka 2020, vikawa 322,000 mwaka 2021.

Wanjiku_wa_Zamu (#20)

Dada, hoja ni nzito, ila Marekani haina mwanamke anayengoja boda. Hapo unapima kirusi peke yake kwa sababu vingine vyote vipo.

Dada_Minneapolis (#21)

Ndiyo faida yake, dada. Inakuonyesha kirusi kikiwa peke yake kinaweza kufanya nini.

Mzee_wa_Jinja (#22)

Kwa Afrika upo utafiti wa hospitali za nchi 6, Kenya, Uganda na Kongo zikiwemo: wajawazito waliolazwa wakiwa na korona walikuwa na hatari ya kufia hospitalini takriban mara tano ya wasio nayo. Mara tano, si mara 22 kama ya Daktari #2. Maana yake ni kwamba hata wasio na korona waliolazwa walikuwa wanakufa sana. Mlinganisho umeshuka kwa sababu sakafu imepanda.

Chekechea (#23)

Wakuu mbona hamtaji wanafunzi waliopata mimba? Machakos peke yake wasichana karibu 4,000 ndani ya miezi mitano ya 2020, shule zikiwa zimefungwa. Wasichana wadogo ndio wanaokufa zaidi.

Kipimo254 (#24)

Chekechea, hiyo namba ilizunguka sana na ilisomwa vibaya. Ilikuwa idadi ya wenye miaka 10 hadi 19 waliohudhuria kliniki ya wajawazito Januari hadi Mei. Ndani yake wamo wa miaka 18 na 19, wengine wameolewa. Shule zilifungwa katikati ya Machi, kwa hiyo aliyefika kliniki Aprili akiwa na miezi mitano alishika mimba Novemba, kabla shule hazijafungwa kwa korona. Na kipindi kama hicho 2019 idadi haikuwa ndogo kuliko hiyo.

Lakini kiini chako kina uzito. Uchambuzi wa takwimu za KHIS, mfumo wa taarifa za afya wa Kenya, uliolinganisha miezi ya mwanzo ya janga na miezi hiyohiyo ya 2019 haukukuta anguko kubwa la wanaojifungulia vituoni. Ulikuta watoto waliozaliwa wafu karibuni wameongezeka, na sehemu ya vifo vya uzazi inayowahusu wasichana imeongezeka.

MwanaKata (#25)

Wafu karibuni wameongezeka. Sista, si ulisema hiyo ni nyayo ya kafyu?

Sista_Mkunga (#26)

Nilisema ni nyayo ya kuchelewa. Kuchelewa nyumbani, njiani, au kwenye benchi la hospitali wakati mkunga anavaa gauni la plastiki. Kuvaa mavazi kamili ya kujikinga kunachukua dakika 10 kama yapo na kama kuna mwenzako wa kukukagua. Mtoto ambaye kitovu kimetangulia hana dakika 10.

Boda_Stage_Kuu (#27)

Habari wakubwa. Mnatutaja sana humu. Naomba jambo la kazi: mama akiwa na uchungu abebweje? Kuna wanaosema boda inaua mtoto.

Sista_Mkunga (#28)

Swali zuri kuliko mabishano yetu. Tuktuk au bajaji ni bora, alale ubavu wa kushoto, kizazi kisibane mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Kama ni boda tu: akae katikati, mtu mzima nyuma yake amshike kifuani, si tumboni. Polepole kwenye matuta. Usimbebe kwa boda kama ana degedege, kama anavuja damu hadi anaona kizunguzungu, au kama kitovu au mkono wa mtoto umetokeza. Huyo wa kitovu apige magoti, kifua chini makalio juu, hadi gari lipatikane. Beba kitabu cha kliniki, kanga safi tatu na simu yenye chaji. Piga kituo kabla hamjaondoka, usifike ukaambiwa mkunga hayupo.

Mfamasia_Nakuru (#29)

Huu uzi umeshakuwa darasa, tuendelee. Kwa anayezalia nyumbani kwa sababu barabara imefungwa kabisa, silaha ni misoprostoli, dawa ya kubana kizazi kisivuje damu. Vidonge vitatu vya mikrogramu 200, jumla 600, kwa mdomo, mara mtoto anapotoka. Mara, si kabla. Kwanza mhudumu ashike tumbo kuhakikisha hakuna pacha ndani. Akipewa kabla mtoto hajatoka, kizazi kinaweza kupasuka. Hilo ndilo kosa linaloua, na lilitokea kwa kuwa vidonge vilitolewa bila maelezo. Kutetemeka na homa baada ya kumeza ni kawaida, visimtishe.

Oksitosini yenyewe, sindano ya kazi hiyohiyo, uniti 10 kwenye msuli, ni bora zaidi, lakini inataka nyuzi 2 hadi 8. Iliyokaa kwenye mkoba wa mkunga juani wiki nzima inachomwa kama dawa na kufanya kazi kama maji. Karbetosini inayostahimili joto ingefaa vijijini, mikrogramu 100, haihitaji friji.

Muuguzi_Kimya (#30)

Mmeruka Desemba 2020. Wauguzi na maafisa wa kliniki wa Kenya waligoma kuanzia tarehe 7, madaktari wakafuata tarehe 21. Mgomo wa wauguzi ulivuka hadi Februari 2021 kwenye kaunti nyingi. Wodi za wazazi za umma zilifungwa kabisa sehemu kadhaa. Mama wa kipindi hicho aliyekufa mtampa nani? Kafyu ilikuwa saa nne usiku, kirusi kilikuwa kimepungua, damu ilianza kurudi. Na mgomo wenyewe ulidai vifaa vya kujikinga na bima. Kwa hiyo ni korona au si korona?

Kipimo254 (#31)

Hapo ndipo hesabu ya mwaka mzima inapodanganya. Gawanyeni kwa vipindi: Machi 27 hadi Juni 6, kafyu ya saa moja. Juni 7 kuendelea, ya saa tatu. Desemba hadi Februari, mgomo. Juni na Julai 2021, Delta. Kila kipindi kina mwuaji wake mkuu.

Wanjiku_wa_Zamu (#32)

Na walioandikwa ni waliofika. Kifo cha uzazi ni cha mimba au ndani ya siku 42 baada yake, kwa sababu inayotokana na mimba au kuzidishwa nayo. Aliyefia kwenye korona akiwa mjamzito anahesabiwa. Aliyefia Kibera saa tisa usiku akazikwa kesho yake kijijini bila kupita hospitali hahesabiwi, mpaka mhudumu wa afya ya jamii akae na familia na kuwauliza maswali. Mwongozo unataka kifo kitaarifiwe ndani ya saa 24 na kupitiwa ndani ya siku 7. Mwaka 2020 wahudumu wa jamii waliambiwa wasiingie nyumba za watu.

Yaani MwanaKata, wafu wako wa kafyu ndio haswa ambao hawamo vitabuni. Huwezi kuthibitisha, na Daktari hawezi kukanusha.

MwanaKata (#33)

Basi nani ana njia?

Sista_Mkunga (#34)

Kitabu cha kujifungulia, MOH 333 kwa Kenya, MTUHA namba 12 kwa Tanzania. Toa tarehe, saa, hali ya mtoto, hali ya mama. Pembeni yake faili na partografu, karatasi ya kufuatilia uchungu: saa ya kufika, mlango wa kizazi ulikuwa umefunguka sentimita ngapi, presha ya kwanza. Waliofika wamefunguka sentimita 10 kati ya saa kumi na moja na saa mbili asubuhi, walikuwa wanangoja kafyu iishe. Linganisha na miezi hiyohiyo ya 2019. Hii haihitaji mama awe amekufa, kwa hiyo namba hazitakuwa chache kama alivyolalamika Kipimo.

Kipimo254 (#35)

Hiyo nainunua bila kubishana. Vizazi 300 kwa mwezi kwenye hospitali moja ya kaunti ndogo, miezi mitatu, vinatosha kuonyesha kama kuna msongamano wa alfajiri.

DaktariWaZamu (#36)

Na mimi naongeza safu moja: oksijeni kidoleni alipofika. Mwaka 2020 vituo vingi havikuwa na kipimo hicho wodi ya wazazi, kwa hiyo safu itakuwa tupu, na huo utupu nao ni jibu.

Muuguzi_Kimya (#37)

Wenye ruhusa ya kuvigusa vitabu msikawie. Kitabu kikijaa huhamishiwa stoo, na stoo nyingi ni chumba chenye bati linalovuja na mchwa sakafuni. Anzeni na cha Machi hadi Juni 2020, pigeni picha kila ukurasa mkiwa mmefunika safu ya majina.